Dunia inaisha, baba mdogo anapanda kahawa

Leo nimemfokea baba mdogo, na wala sijutii.

Mwaka jana alisoma Ufunuo akamwambia mama mwisho umefika. Hatutafikia mavuno mengine, kwa hiyo aache kuhangaika na kibanja, lile shamba lake la migomba, asali tu.

Mama ni Mlutheri tangu utoto. Kanisani amefundishwa kwamba siku ile haijulikani na mtu.

Ila huyu shemeji yake alimwahidi kwamba kabla ya mwaka kuisha atamwona tena baba, marehemu mume wake.

Mjane utamwambia nini hapo? Akaamini.

Hakutandaza nyasi kwenye migomba. Kiangazi kikaipiga, na sasa mikungu yake unaibeba kwa mkono mmoja.

Leo nimepita Bweranyange kumsalimia baba mdogo. Nimemkuta anapanda miche ya kahawa.

"Shikamoo baba. Hii itazaa lini?"

"Marahaba. Miaka mitatu, ukiitunza."

Amejibu bila kufikiri. Mikono imejaa udongo.

Nikamuuliza, na mama je? Akasema eti unabii una tafsiri nyingi.

Tafsiri nyingi! Mama alishafua gauni la kumpokelea mume wake. Bado linaning'inia chumbani.

Mashangazi mliomo humu, kama nimekosa adabu semeni.

Lakini nimeshamwambia: Jumamosi aje Igurwa kwa mama na nyasi, atandaze mwenyewe, mgomba kwa mgomba. Na Yesu akirudi kabla hajamaliza, amkute ameinama.