Petroli ya Dzombo Haikuwa na Maji

Ukikutana na mtu Kombani au Msambweni akakwambia ile ndege ya Ukunda ilikata nguvu angani kwa sababu Dzombo alitia maji kwenye petroli, mwambie mimi Boga nimesema wewe ni mwongo, na aliyekusimulia ni mwongo pia. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa mlinzi wa kiwanja cha ndege, na viatu nilivyopewa na kampuni vilikuwa vikubwa kuliko vya meneja mwenyewe. Shule nilikwenda miaka mitatu tu, lakini jambo hili nalijua kuliko waliokwenda kumi na mitatu.

Kwanza mjue Dzombo ni nani. Ni mtu wa Mkongani, mrefu, mkavu kama mwiko, na nyayo zake zina magamba ya kupanda minazi. Kabla ya kuja kiwanjani alikuwa mgema wa tembo la mnazi. Mimi ni Muislamu, tembo sijalionja. Harufu yake tu ndiyo naijua, tena naijua vizuri sana. Kwa wagema pana ada: mwenye tembo hunywa kata ya kwanza, kifuu kimoja, mbele ya mteja, aonyeshe kwamba hamna sumu, hamna uchawi na hamna maji. Mgema ukimwita mwizi atacheka. Ukimwambia "watia maji," mtoe mtoto wako hapo karibu. Dzombo aligema miaka kumi na tisa na neno hilo hakuwahi kuambiwa, mpaka alipoanguka mnazini akavunjika nyonga, akaja kutafuta kazi ya chini.

Kazi ya chini ilikuwa kujaza petroli ndege zilizoleta wageni wa Diani. Mafuta yalikuja kwa mapipa. Dzombo aliyapiga kwa pampu ya mkono, akayapitisha kwenye faneli yenye ngozi laini. Petroli hupita, maji hubaki juu ya ngozi. Hayo alifundishwa. Lakini la pili alikuja nalo kutoka mnazini: kila ndege kabla ya kuruka, alifungua kikoki kilicho chini ya tangi, akakinga petroli kwenye chupa nyeupe, akaiinua juani. Kama mna maji, yatashuka chini yakae peke yake. Akishatazama, humpa rubani naye atazame.

"Hii ndiyo kata ya kwanza," alikuwa akisema. Marubani walicheka, lakini walitazama. Na chupa ile hakuimwaga mpaka habari ije kwamba ndege imefika iendako.

Basi. Mwezi wa Juni mwaka wa sitini na nne, Uhuru ukiwa na miezi sita, ndege moja ya injini mbili ilikaa kwetu siku nne. Mvua ilikuwa imenyesha, kiwanja kikawa tope, haikuweza kuruka. Siku ya tano jua likatoka, abiria sita wakapanda kwenda Nairobi. Dzombo alijaza, akakinga, rubani akatazama chupa. Wakaruka.

Dakika kumi hazikupita nikasikia mlio umebadilika. Ndege ilikuwa inarudi, panga la injini ya kushoto linazunguka kivivu, injini moja tu ndiyo inafanya kazi. Nilisoma Yasini yote niliyoijua, yaani mistari miwili. Rubani aliishusha salama. Mama mmoja wa Kizungu aliteremka akakaa palepale kwenye majani, na gauni lake jeupe.

Meneja wetu, Bwana Pratley, alitoka ofisini mbio. Hakuuliza kitu.

"Maji!" alisema. "Dzombo, umetia maji kwenye petroli, kama ulivyozoea kutia kwenye tembo lako!"

Aliyasema hayo kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya abiria, wapagazi, na wanawake waliokuwa wakiuza machungwa ng'ambo ya uzio. Akaongeza kwamba barua ya kumfukuza itaandikwa siku hiyo hiyo.

Dzombo alikwenda kibandani akichechemea, akarudi na chupa.

"Kata ya kwanza hii hapa. Nionyeshe maji."

"Chupa hiyo umeijaza sasa hivi."

Mwanamke mmoja uzioni akasema, "Ala! Mzee Dzombo naye watia maji?" Nikaona mshipa wa shingo ya Dzombo umesimama.

"Bwana Pratley," alisema, "kazi ni yako, mpe umtakaye. Jina ni langu. Umelichukua mbele ya watu hawa, na mimi siondoki hapa mpaka ulirudishe mbele ya watu hawa hawa."

Akaketi juu ya pipa, akakunja mikono.

"Uhuru umefika, bwana!" nikaropoka mimi, kwa mbali kidogo, maana nilikuwa na mke mwenye mimba ya miezi minane.

Baada ya adhuhuri akaja fundi Suleiman kutoka Mombasa, kijana mpole, mikono yake myeusi kwa grisi. Alimwamkia Dzombo shikamoo, akaniamkia hata mimi, kisha akafungua sanduku lake. Mimi sikosi la kuuliza.

"Fundi, injini hukatwa nguvu na nini ila maji?"

"Mambo mengi, mzee. Taka kwenye mafuta. Plagi mbovu. Barafu kwenye kabureta."

"Barafu! Ukunda hapa?"

"Hapa hapa. Hewa yenye unyevu ikinyonywa kwa kasi hupoa hata ikaganda. Joto la nje halisaidii."

"Na hizi ndege mpya za jeti?"

"Hizo humeza kunguru, humeza vumbi. Na maji kidogo kwenye mafuta yake huganda kule juu, yakaziba njia. Lakini hata ile ya kubeba watu mia, injini yataka vitu vile vile: mafuta, hewa na moto. Inyime kimoja, imelala."

Alipanda juu ya bawa la kushoto, akazungusha kifuniko cha tangi atazame ndani. Tangi likafanya *fyuuu*, kama mtu aliyetoka kuzamia. Hakuna aliyejali. Dzombo peke yake aliinua kichwa.

Suleiman akakinga petroli chini: safi. Akawasha injini: ikanguruma kama haijawahi kuugua.

"Mwaona!" Bwana Pratley akasema. "Injini nzima. Lilikuwa tone la maji, limekwisha kupita."

Suleiman akainua mabega. "Yawezekana, bwana." Akaanza kurudisha spana zake sandukuni.

Hapo ndipo nilipojua Dzombo amekwisha. Maji yaliyokwisha kupita, nani atathibitisha kwamba hayakuwapo?

Lakini mzee aliinuka pipani.

"Suleiman mwanangu, umesikia tangi lile lilivyovuta pumzi?"

"Matangi hufanya hivyo, mzee."

"Fungua la bawa la pili."

Suleiman akafungua. Kimya.

"Sasa sikiliza. Debe la mafuta ya taa ukilitoboa tundu moja, linatoa kidogo kisha linagoma. Hata mtoto wa dukani Kombani ajua, hutoboa tundu la pili lipate kupumua. Tangi hili tundu lake la pili limezibwa. Injini ilinyonya, ilinyonya, hewa ya kuingia hamna, petroli ikagoma. Wewe ulipofungua kifuniko ulilipa pumzi, ndiyo maana imewaka. Lifunge. Iwashe kwa nguvu zote, uiache."

"Petroli itapotea bure!" meneja akapinga.

"Si umekwisha nifukuza? Waogopa nini tena?"

Suleiman alimtazama meneja, akamtazama mzee, kisha akafunga kifuniko kwa nguvu na kuwasha. Tulisimama hapo tumeziba masikio, majani yamelala kwa upepo wa panga. Robo saa ikapita. Bwana Pratley akatazama saa yake, akacheka. Wale wanawake wa machungwa walikuwa wamepanda juu ya vikapu vyao wapate kuona. Robo saa na ushei. Dzombo hakupepesa jicho.

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Panga likazunguka kivivu, likasimama.

Suleiman akapanda mbio akafungua. *Fyuuu!* Mara hii kiwanja kizima kilisikia.

Akalala chini ya bawa na tochi. Pale pana kibomba chembamba kama mwanzi wa filimbi, ndicho pua ya tangi. Mdomoni kimejaa udongo, umekauka kama ukuta.

"Nyigu," alisema. "Amejenga."

Nyigu yule mimi nilimwona. Siku ya pili ya mvua, mwembamba wa kiuno, akibeba vidonge vya tope kupeleka chini ya bawa. Nilimwona, nikamwacha. Kwetu bibi yangu alitufundisha: mwenye mke mjamzito habomoi nyumba ya nyigu, asije akalibomoa tumbo la mkewe. Nilimpita, tena nikamwamkia.

"Kutazama vibomba ni kazi ya mjazaji," Bwana Pratley alisema upesi. "Basi bado kosa ni lake."

Naapa ningeweza kunyamaza. Viatu vile nilivipenda.

"Kosa ni langu," nikasema. "Mimi ndiye mlinzi. Nyigu nilimwona akijenga."

"Kwa nini hukumtoa?"

"Mke wangu Mwanarusi ana miezi minane, bwana."

Alinitazama kama nimemjibu kwa lugha ya kuku. "Toa huo udongo sasa hivi!"

"Sitoi."

"Nini?"

"Nifukuze, bwana. Sitoi. Mwanarusi hajajifungua."

Dzombo akaguna. "Boga we! Waweza kuangusha ndege kwa ajili ya nyigu!" Kisha akachomoa chelewa kwenye ufagio, akainama na nyonga yake mbovu, akakwangua mwenyewe. "Mke wangu Kadzo amekwisha koma kuzaa. Hana cha kubomolewa." Udongo ukaanguka, na ndani yake viwavi wadogo wa kijani, akiba ya nyigu.

Abiria walitaka kuondoka kabla jua halijashuka. Bwana Pratley akapangusa jasho.

"Haya, yamekwisha. Dzombo, rudi kazini. Jaza tangi."

"Hayajaisha." Mzee alikuwa amekwisha rudi juu ya pipa lake. "Jina langu halijarudi."

"Nitajaza mimi!"

Akaishika pampu. Hapo rubani, aliyejiweka kando siku nzima ingawa chupa aliiona, akasema neno moja lililomfaa Dzombo kuliko mshahara: "Mimi sirushi mpaka nione chupa ya mzee huyu, imekingwa na mkono wake."

Meneja aliiva kama pilipili. Alisimama, akatazama chini, akasema kwa sauti ya kukohoa, "Dzombo hakutia maji."

"Wale wa uzioni hawakusikia."

"Dzombo hakutia maji!"

"Leo, au siku zote?"

"Hakuwahi kutia!"

Vigelegele vilipanda ng'ambo ya uzio mpaka yule mama wa Kizungu akapiga makofi bila kujua sababu. Dzombo akateremka pipani, taratibu, akaipiga pampu. Alipomaliza akakinga chupa, akaiinua juani, akaitazama. Rubani akanyoosha mkono apewe. Dzombo akampita, akamwekea chupa Bwana Pratley mikononi.

"Kata ya kwanza," alisema. "Leo anza wewe."

Na meneja akaiinua juani, akatazama mpaka chini, muda mrefu, kama walivyotazama wote.

Barua haikuandikwa, wala mimi sikufukuzwa. Mwanarusi alizaa msichana mzima, mkali, na kila nilipomwona nyigu kiwanjani tangu hapo nilimwita Dzombo, naye akaja na chelewa yake. Anayesema petroli ile ilikuwa na maji na aje Ukunda. Mzee yupo, na chupa ipo.