Mkamwana amechemsha blanketi la marehemu mama kwenye pipa la mawese

Msimamizi, usitaje jina langu, maana hapa mjini Rumonge tunajuana na mkamwana wangu anasoma ukurasa huu. Akijitambua, shauri yake. Mimi ni mjane wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu. Tuliishi ukimbizini Tanzania miaka mingi ndipo tukarudi. Nakaa na mwanangu wa pekee na mke wake, mjamzito anayekaribia kujifungua.

Marehemu mama yangu aliniachia mablanketi mawili ya viraka aliyoyashona kwa mkono kambini. Juu na chini ni vitambaa vya nguo zetu kuukuu, katikati pamba. Kwetu, siku mtoto anapotolewa nje na kupewa jina, hulazwa juu ya mojawapo. Mwanangu naye alilazwa hapo.

Niwaeleze, kwa kuwa wengi hamjui: kitu kama hicho hakifuliwi kama suruali. Kwanza unabonyeza kitambaa cheupe chenye maji juu ya kila rangi. Rangi ikitoka, usilifue, liache lipunge hewa tu. Isipotoka, unatumia beseni, maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, ukikandamiza kwa viganja bila kusugua wala kukamua. Unalinyanyua likiwa juu ya shuka, kwa sababu pamba ikilowa ni nzito na hukata nyuzi. Kisha unalilaza mkekani, kivulini. Haya yote nilimwonyesha mkamwana wangu kwa mikono yangu, naye akaitikia, “Ndiyo, Mama.”

Nikaenda Kabezi msibani. Huku nyuma akachukua blanketi moja mpaka Kizuka, kwa wazazi wake wanaokamua mawese. Akalitumbukiza kwenye pipa la kuchemshia ngazi, yaani matunda ya mchikichi, akatia sabuni ya magadi, akawasha moto, akakoroga kwa mti! Niliporudi nilikuta linaning'inia juani. Nyekundu imeingia kwenye nyeupe, pamba imejikusanya mabonge, na lote limekuwa la rangi ya mawese.

“Sasa iko safi, Mama,” akasema akicheka. “Ilikuwa inanuka wafu.”

“Wafu hao ndio waliombeba mume wako mgongoni.”

“Basi nayo imekufa. Tupe ile ingine. Nitaichemsha vizuri, mutoto wangu hatalala ku uchafu wa kambi.”

Nikamgeukia mwanangu. Badala ya kumkanya mkewe, akanikemea mimi: “Mama, ni tambara! Unatutia haya kwa wakwe juu ya tambara? Toa, ama siku ya kumutoa mutoto usikanyage pale.”

Nilimjibu kwamba sitoi. Tangu hapo hatusalimiani. Mkewe anapika chakula cha watu wawili, na nikipita anaimba kwa sauti kwamba wazee wengine wanapenda matambara kuliko watu.

Nikilitoa, litaingia pipani na mkono wa mama yangu utapotea kabisa. Nikilizuia, mjukuu wangu wa kwanza atapewa jina mimi nikiwa nimefungiwa nje.

Nishaurini, wasomaji, nichague lipi? Ila asije mtu kuniambia nisamehe tu, ati bado ni msichana, hajui. Waliochoma nyumba yetu niliwasamehe zamani, hawakujua kulikuwa na nini ndani. Huyu nilimfundisha.