Konzi Moja ya Ngano

Ipo siku moja, mjukuu wangu, ambayo nikiikumbuka hata leo chakula hunishinda kumeza. Andika taratibu, usiruke neno langu. Umeleta nyumbani sufuria ya umeme inayopika polepole tangu asubuhi hadi jioni, nawe umefanya vyema, kwa kuwa daktari amemkataza mwanao ngano, nawe sasa wampikia mtama na kunde. Lakini jana nilikuona ukitaka kuutia mchuzi kijiko cha unga wa chapati upate kuwa mzito. Ukasema, "Ayeeyo, bibi yangu, ni kidogo tu." Nilikushika mkono mbele ya wageni, na ulikasirika. Leo nitakueleza kwa nini.

Wakati wa vita vile vilivyokuja na uhuru, tulikusanywa na askari nje ya Garissa, tukazungushiwa seng'enge. Ngamia wetu walikuwa wamekwisha na maziwa yamekatika. Mgao wetu ulikuwa unga wa ngano, nao ulimdhuru mdogo wangu Habiba, aliyekuwa na miaka sita. Kila alipoula, tumbo lilimvimba na miguu ikazidi kukonda. Hapakuwa na mtu wa kututajia jina la ugonjwa huo. Hooyo, mama yetu, aliona kwa macho yake tu, akawa anabadilishana ngano na majirani apate mtama na kunde nyekundu, atupikie ambuulo.

Ambuulo haitaki haraka. Hooyo aliloweka kunde na mtama tangu jana yake, alfajiri akavichemsha mpaka vitokote, kisha akakifukia chungu katika jivu lenye makaa, akakiacha hadi alasiri. Alasiri ilipoingia, mioto yote ilizimwa, ndivyo tulivyoamriwa.

Siku hiyo alikwenda kupanga foleni ya maji. Aliniambia, "Usikifunue. Kila ukikifunua, unanirudisha alfajiri."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilijiona mpishi. Nikakifunua, nikakoroga, nikaonja, nikakifunua tena. Nilipoona hakiivi, nikaongeza kuni.

Habiba aliketi kando akinicheka. "Abaayo, dada yangu, unapika au unakipepea?"

"Nyamaza, wewe tumbo la mbuzi!" nikamjibu. Hilo ndilo jina nililokuwa nikimtania nalo, Mungu anisamehe.

Wakati wa kuzima moto ulipofika, chini kulikuwa kumeungua, juu ni maji matupu, na kunde zilikuwa ngumu kama changarawe. Nikaogopa aibu. Katika gunia palikuwa na unga wa ngano ambao Hooyo alikuwa hajaubadilisha. Nikachota konzi moja, nikaikoroga chunguni mle mungali na moto, na ile rojo ikawa nzito, ikapendeza machoni.

"Umeweka nini?" Habiba akaniuliza.

"Samli," nikasema.

Samli! Tulikuwa hatujaiona tangu ngamia wa mwisho. Mtoto akafurahi, akala, akalamba vidole, akasema kweli anaisikia harufu yake.

Alilala siku nne akitapika na kuhara, macho yamezama. Hooyo hakunipiga. Aliketi akimnywesha maji kwa kijiko, akaniambia bila kunitazama: "Kunde mbichi ningezirudisha motoni kesho. Kulala njaa tumezoea. Lakini mtoto huyu nilimfundisha kuuamini mkono wako. Sasa nimfundishe nini?"

Habiba alipona, alhamdulillahi. Akakua, akaolewa huko Hadado, akazaa. Lakini maisha yake yote hakula chakula changu bila kuuliza kwanza, "Abaayo, umeweka nini?" Aliuliza akicheka, hata katika harusi ya bintiye, mbele ya wakwe. Nami nilicheka, huku moyo ukiniuma. Huu ni mwaka wa tatu tangu tumzike. Natamani aingie sasa hivi, avue viatu, aketi, aniulize mara moja tu, nimtajie kila punje.

Basi nisikilize. Kunde uziloweke na uzichemshe vizuri kwanza, ndipo uzitie katika sufuria yako, uifunike na uiache ifanye kazi yake. Mtama usiusagishe katika mashine iliyotoka kusaga ngano. Mchuzi ukiwa mwepesi, ponda kunde zilizoiva, au uache uwe mwepesi. Hakuna aliyekufa kwa mchuzi mwepesi. Chakula kisipoiva, sema hakijaiva, hata wageni wakiwa wameshanawa mikono. Na mwanao akikuuliza umeweka nini, mjibu kweli, hata kama kweli hiyo inakuaibisha, kwa maana aibu ni ya siku moja, na mimi nimeulizwa kwa miaka hamsini.

Mwenyezi Mungu akupe subira aliyompa mama yangu. Akilinde kiwiliwili cha mwanao, na amjaalie ale mkononi mwako mpaka nawe uwe mzee, bila kuona haja ya kuuliza. Amin.