Mjukuu Wangu Alimvutia Kiti Marehemu

Kitendawili! Mgeni wangu nikimfukuza nalia, nikimkaribisha nakwisha.

Fikirini taratibu. Mkishindwa mtanipa mji.

Mwezi wa tatu, hapa kwangu Nyarero, mjukuu wangu Mogesi alivuta kiti akamkaribisha mtu asiyekuwepo.

"Babu, karibu uji."

Babu yake, mume wangu, tulishamzika, Mogesi akiwa kibaruani Kenya. Tena huyu kijana ndiye aliyepewa jina lake.

Jamani, mngefanya nini? Shemeji yangu Nikodemo hakusita. "Kaka amemjia wajina wake. Ana njaa. Achinjwe mbuzi."

Tukachinja. Nyama tukala. Babu hakuondoka.

Mogesi akaacha kwenda gereji. Mkewe Rhoda akabeba mtoto akarudi kwao.

"Bibi, akipona nitarudi. Hivi hivi, hapana."

Nilichoka, wanangu. Nikamkokota hadi zahanati.

Nesi Samira, mtu wa Tanga, akamwangalia. Midomo mikavu, mboni pana, mwanga kidogo tu anajikinga uso.

"Shikamoo bibi. Anakunywa nini huyu?"

"Marahaba. Chai tu."

"Chai ya nini?"

Mogesi akacheka. "Mbegu za mnanaha, sista. Ule mmea wa jalalani, wenye tunda la miiba."

Mbuzi wangu!

"Ulianza na kidogo, sasa hakitoshi?"

"Hakitoshi."

"Umewahi kuacha?"

"Mara nyingi. Narudi."

"Kazi imekwenda, mke amekwenda, na bado unakunywa?"

Akainamisha kichwa.

"Bibi, huu si mzimu. Ni uraibu. Na ile ni sumu, siku moja hataamka. Aende hospitali leo leo." Akamgeukia. "Kaka, unajua inakumaliza. Kwa nini huachi?"

Mogesi akageukia mlango.

Hospitalini daktari naye akauliza vilevile. Mogesi akageukia ukuta.

Wenzangu, mtu wenu akianza kuongea na asiyeonekana, msikimbilie zizini. Ulizeni kwanza kikombeni mna nini. Halafu ulizeni anamtafuta nani.

Maana Rhoda alikuja wodini, mtoto mgongoni, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba Teresia, kwa nini huachi?"

Mogesi akamtazama mwanawe, kisha mimi.

"Nikiacha, babu haji. Na sijamaliza kumwomba radhi. Siku mnamzika, sikuwepo."