Mwalimu Aliyefundisha Betri Bariadi

Jumanne nilipigiwa simu kutoka Bariadi nikaambiwa kwamba mwalimu wa fizikia niliyewahi kupanga naye nyumba moja amefariki. Presha, walisema. Nilimfahamu miaka ile baada ya biashara kufunguliwa kwa watu binafsi, simu za bei rahisi zilipojaa madukani pamoja na chaja zisizojulikana zilikotoka. Mtaala haukudai hilo, lakini alichora ubaoni betri ya lithiamu: pande mbili, katikati utando mwembamba. "Utando huu ukitoboka," aliwaambia wanafunzi, "pande hizi zinakutana, joto linapanda, moto unawaka. Betri iliyovimba msiichaji. Na msichaji simu juu ya kitu kinachoshika moto."

Binti mmoja wa kijiji cha Ipililo aliyaandika yote. Msimu huo wanunuzi binafsi wa pamba walichelewa kufika kijijini, kwa hiyo watu waliihifadhi ndani ya nyumba. Baba yake alichaji simu kwa betri ya gari, akiilaza juu ya magunia ya pamba, na betri ya simu hiyo ilikuwa imeshaanza kuvimba. Binti alimwonya. Baba akamjibu, "Nikiacha kuichaji, wanunuzi wakipiga nitajuaje?" Moto ulianzia pale pale, mchana, watu wakiwa shambani. Bibi yake, ambaye miguu ilishakataa kumbeba, alikuwa ndani.

Nilimsindikiza mwalimu kwenye msiba wa bibi huyo. Yule baba alimshika mkono. "Mayu," alisema, kama Wasukuma wanavyomwita mama wanayemheshimu, "mtoto alinieleza. Betri nyingine ningeitoa wapi?" Tukiwa njiani kurudi mwalimu akaniambia, "Nimemfundisha asiye na simu."

Kesho yake alikwenda kwa muuza simu mjini kumwomba alete betri halisi. "Mwalimu, hata mimi halisi siijui," muuzaji alimwambia. "Naletewa katoni, nauza." Hakuwa anadanganya. Mwalimu akaandika barua serikalini, haikujibiwa. Akaendelea na somo lake mpaka alipostaafu.

Tuliziachia bidhaa ziingie, kisha onyo tukawabebesha watoto, ambao nyumbani hawana kauli. Somo ninalolipata, nikiwa nimechelewa, ni kwamba mtoto akirudi na onyo kutoka shule inafaa asikilizwe. Lakini hata akisikilizwa, lazima dukani pawe na betri nzima ya kununua. Hilo la pili yule mwalimu hakuliweza. Mimi nami, zaidi ya kuliandika hapa, sijui nilifanyeje.