Nilimkodia Mwanangu Mjomba

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Ni kiburi changu mwenyewe!

Msimu uliopita korosho zilinikubali. Nikanunua pikipiki, nikaezeka bati, kichwa kikavimba. Huku kwetu Makote mjomba ana sauti kwa mtoto kumshinda hata baba. Basi shemeji yangu wa Mkomaindo, kaka yake mke wangu, alipokuja kupanga jando la mwanangu Selemani, nikamkatisha mbele ya watoto: "Shemeji, nyumba hii ina mwenyewe. Ukihitajika utaitwa."

Akamaliza maji yake, akaaga. Sikumwita.

Siku ya wali, yaani vijana waliotahiriwa, kutoka jandoni, ngoma zinalia, kila mtoto anabebwa mabegani na mjomba wake. Wa kwangu je? Baba habebi, hata awe na pikipiki! Nikamsukuma mbele muuza mitumba mmoja mgeni, niliyemwahidi jogoo ajifanye mjomba.

Jamani, yule mtu aliifanya kazi! Alicheza, akalia machozi ya kweli, akamwombea mtoto dua ndefu. Mama Selemani akajifunika uso kwa kanga. Nyuma ya watu nikamwona shemeji, kashika kanzu mpya ya mpwa wake. Nikajifanya sikumwona. Hilo ndilo linaloninyima raha mpaka leo.

Tangu siku hiyo mjomba wa kukodi haondoki. Kila Ijumaa yuko kwenye kiti changu.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba, mpwa wangu. Baba yako asikubebeshe bomba la kupulizia mikorosho salfa, bado mdogo."

Na mtoto anamtii yeye! Paja la kuku lake, shingo yangu.

Nilipojaribu kumfukuza, Selemani akaangua kilio: "Baba, mjomba yule wa kwanza umemfukuza. Na huyu tena?"

Wallahi niliumia.

Mama Selemani ameshakwenda kwa kaka yake na mabegi yake. Nataka nimfuate nikaombe radhi, lakini mkosaji haendi peke yake, lazima awe na mtu wa kumsemea. Wazee wote niliowaendea wana udhuru: huyu mgongo, yule mbuzi wake hawaonekani. Aliyekubali ni mmoja tu, tena kwa furaha, kanzu ameshaifua. Mjomba wa kukodi!

Enyi mnaovimba msimu wa korosho, mheshimuni shemeji angali mlangoni. Mkichelewa, mtaombewa msamaha na mtu yuleyule mliyemtumia kumdhalilisha.