Mtoto wa Karani

Mjukuu wangu akisaga liwa, harufu yake hunirudisha Temeke, kwenye chumba nilichowekwa mwali. Mwali haonekani wala hasikiki hadi aolewe. Nyuma ya chumba, makuti tu yalinitenga na uwani kwa karani mmoja wa bara. Binti yake, rika langu, alisoma shule. Kila jioni baba yake alimkaririsha Kiingereza: go, went, gone. Yeye alisahau. Mimi, nimepakwa liwa mwili mzima, nilishika yote. Wivu ulinikaba.

Siku moja, baba yake hajarudi bado, akaninong'oneza kwenye makuti.

"Shoga, ya mwisho ipi? Leo nikikosea ni fimbo."

"Went. Gone inaitangulia."

"Kweli?"

"Mie nawasikia kila siku. Nikudanganye nipate nini?"

Jioni nilisikia fimbo, nikasikia kilio, nikafurahi. Sifichi.

Kesho yake akahamia kusomea barazani, mbele ya nyumba yao. Nilitega sikio mpaka makuti yakanikwaruza shavu. Sikupata hata neno moja, siku hiyo wala siku nyingine, mpaka nilipotolewa kuolewa.